Papa wa Kilindini Akifika Dikoni: Namna ya Kumhifadhi Awe Sampuli

Papa wa ajabu akiteremshwa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kitu cha kwanza kuondoka ni ini. Mabaharia wanajua kuwa ini la papa wa kilindini limejaa mafuta, na sifa, yaani mafuta hayo ya kupaka chombo, inatakiwa mwaka mzima. Baada ya ini huondoka mapezi. Kichwa hutupwa pembeni, mwili hupasuliwa na kutiwa chumvi uwe ng'onda. Ukifika hapo umechelewa: utakuta nyama ya papa, lakini papa mwenyewe hayupo tena. Nimechelewa hivyo mara nyingi, Msangamkuu, Mikindani, hata Kilwa Masoko, na kila mara nimeondoka na uchungu, maana huenda mnyama yule hajawahi kushikwa na mtaalamu yeyote katika pwani yetu ya kusini mwa Tanzania.

Haya nayaandika kwa ajili ya afisa uvuvi wa kata, mwanafunzi wa uvuvi, kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni), na nahodha yeyote anayetaka kujua ni nini kimenasa kwenye ndoana yake. Yanahusu papa aliyekwisha kuvuliwa na aliyekwisha kufa. Hayahusu kwenda kumtafuta. Papa hawa huzaa polepole mno. Wale wenye macho ya kijani na miiba mgongoni, wa jamii ya Centrophorus, wengine hubeba mtoto mmoja tu baada ya kungoja muda mrefu. Papa mwenye matamvua ya mikunjo, Chlamydoselachus, amekadiriwa kubeba mimba kwa miaka 3 na nusu. Ukiwatuma vijana wakakuletee kumi, hujui umefuta nini kwenye mwamba ule.

Kwa nini hapa kwetu

Ukitoka Msimbati huhitaji safari ndefu kuyakuta maji ya buluu iliyokolea. Huku kusini ukanda wa maji mafupi ni mwembamba, kisha chini ya bahari hukatika kama ukingo wa korongo. Wataalamu huwaita papa wa kilindini wale wanaoishi chini ya mita 200, yaani kama pima 110. Mshipi wa chewa ulioachiwa kwenye ukingo huo unaweza kufika. Zulumati, ile kamba ndefu ya ndoana nyingi, hufika. Jarife, ule wavu wa papa, lililotegwa usiku likasukumwa na mkondo hadi nje nalo hufika, na asubuhi mtu anavuta kitu asichokijua hata babu yake.

Mwaka 2003 silikanti alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, mkoani Lindi. Huyo si papa, lakini ni shahidi mzuri wa yaliyomo kwenye korongo zetu: samaki wa ukoo uliodhaniwa kuwa umekwisha pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938.

Na kuna habari ya karibu zaidi. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza aina mbili mpya za papa wenye pua ya msumeno na mapasuo 6 ya matamvua kila upande. Mmoja, Pliotrema annae, anatoka Zanzibar. Mwingine, Pliotrema kajae, anatoka upande wa Madagaska. Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alikuwa miongoni mwa walioandika tangazo hilo. Uchunguzi wenyewe ulichochewa na pua zilizokaushwa, ambazo mtafiti alipewa na wanavijiji wa Madagaska. Pua zilizokauka! Kitu ambacho kwetu kinaning'inizwa ukutani, mtoto akakichezea.

Kabla papa hajaja

Kazi kubwa hufanyika siku ambazo hakuna papa. Nenda dikoni, kaa na watu, waambie unachotafuta na kwa nini. Acha namba yako ya simu kwa dalali, kwa mwenyekiti wa BMU, na hasa kwa waparaji, maana hao ndio wenye visu. Mparaji mmoja aliyekuelewa ana faida kuliko mabango ishirini.

Maliza pia mambo ya vibali mapema. Mtafiti anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na sampuli ikitakiwa kuvuka mpaka wa nchi kuna vibali vyake vya idara ya uvuvi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, usichukue kitu bila mhifadhi kujua. Papa upanga na silikanti wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo ukimkuta mmoja wao, mpigie afisa uvuvi kabla ya kumgusa. Wewe ukiwa mvuvi tu, wajibu wako ni mwepesi: toa taarifa, tia barafu, subiri.

Begi langu lina vitu hivi: futi kamba, rula nyeupe, penseli tatu, karatasi nene iliyokatwa vipande, uzi wa jarife, kisu kidogo na viwembe vipya, mifuko mikubwa ya nailoni, chupa ndogo zenye vizibo vya kubana, ethanoli ya asilimia 95, chumvi nyeupe kavu, glovu, na turubai la rangi moja. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhi mwili usioze, siibebi. Inakaa mahali pamoja pa kufungwa, mbali na chakula na watoto, na sababu zake nitazieleza.

Hatua ya kwanza: mtazame kama ni yeye

Ikiwa bado anapumua na maji yako karibu, mrudishe. Wengi hawataishi baada ya kuvutwa kutoka pima mia, lakini papa hana kibofu cha hewa kama chewa, kwa hiyo hapasuki tumbo kwa kupandishwa, na wengine hushuka tena wenyewe.

Akiwa amekufa, angalia macho kwanza. Papa wa kilindini wengi wana macho makubwa kupita kiasi cha kichwa, na ukimulika kwa tochi yanarudisha mwanga wa kijani. Angalia mgongo: je, mbele ya kila pezi la mgongoni kuna mwiba? Pitisha kidole kwa uangalifu, kutoka kichwani kuelekea mkiani, maana miiba hiyo huchoma vibaya. Kisha mgeuze, utafute pezi lile moja dogo la chini, kati ya njia ya haja na mkia. Papa wa kawaida wa mnadani analo. Wale wenye macho ya kijani na miiba hawana.

Hesabu mapasuo ya matamvua. Papa karibu wote wana 5. Ukihesabu 6 au 7, na mgongoni kuna pezi moja tu lililosogea nyuma karibu na mkia, una mgeni wa heshima mbele yako. Papa wadogo weusi wenye tumbo jeusi zaidi ya mgongo, wale wa jamii ya Etmopterus ambao mwili wao hutoa mwanga gizani, ni rahisi kudharauliwa kwa sababu ya udogo. Usiwadharau. Wapo pia wadogo wenye madoa na macho ya kipaka. Mmoja wao, Holohalaelurus melanostigma, alipewa jina mwaka 1939 baada ya safari ya meli ya Misri iitwayo Mabahiss iliyopita kwenye maji yetu mwaka 1933 na 1934.

Pua ya msumeno inataka macho mawili. Papa upanga, kwa kweli, ni jamii ya taa: mapasuo yake yako chini ya mwili. Papa wa msumeno wa kweli, kama yule wa Zanzibar, mapasuo yake yako ubavuni, na katikati ya pua ana sharubu mbili ndefu. Dikoni wote wawili wanaweza kuitwa jina moja, kwa hiyo usitegemee jina, tazama ubavu.

Hatua ya pili: barafu

Damu na nyama ya papa zina urea nyingi. Akifa, urea hiyo hugeuka kuwa amonia, ndiyo ile harufu kali inayochoma pua. Kwa jua la Mtwara saa za adhuhuri, saa tatu zinatosha kuharibu ngozi, macho na viungo vya ndani. Usingoje kupiga picha kwanza. Mweke kwenye deli lenye barafu ya kutosha, nusu kwa nusu na uzito wake, amelala sawa bila kukunjwa. Mkia uliokunjwa ukigandia hivyo haunyooki tena, na vipimo vyote vinakuwa vya uongo.

Barafu ikikosekana, mfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, penye upepo.

Hatua ya tatu: kaa na nahodha

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na mimi naiweka juu ya fomalini na juu ya vinasaba. Papa asiye na mahali alipotoka ni mfupa wa kuchezea. Na mahali alipotoka panajulikana na mtu mmoja tu, ambaye ana njaa, ana usingizi, na anataka kuuza samaki wake akalale.

Kwa hiyo usianze na maswali. Msaidie kuteremsha, mnunulie chai na vitumbua, ngoja mnada wake uishe. Kisha:

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa yule papa wa macho ya jini?"

"Kwa yule yule. Ulimpata wapi, baba?"

Ukimuuliza "kina cha mita ngapi?" atakujibu ili akuridhishe. Muulize alifungua kamba kiasi gani. Nahodha huyo niliyekaa naye aliniambia alifungua roli nzima na nusu ya pili, mkondo ukivuta kuelekea kaskazi. Tukaenda chomboni tukaipima kamba kwa mikono, pima kwa pima, ikaja 140. Kwa kuwa mkondo ulikuwa unaivuta, kamba ilikaa mshazari, kwa hiyo niliandika: "kamba pima 140, mkondo mkali, kina halisi ni pungufu ya hapo." Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuandikwa, kile kilichopimwa na kile kilichokadiriwa visichanganywe.

Mahali nako ni vivyo hivyo. Mwenye simu yenye GPS, chukua namba zake. Asiye nayo anazo alama za nchi. Alisema: "Mnara wa simu ulikuwa umeingia nyuma ya ncha ya mikoko, na ule mlima wa bara umekaa juu ya paa jekundu." Mistari miwili hiyo ukiichora kwenye ramani inakatana mahali pamoja, na hapo ndipo papa alipotoka. Ziandike alama kwa maneno yake mwenyewe. Ukizitafsiri kwa lugha ya ofisini utapoteza nusu.

Andika pia saa ya kutega na saa ya kuvuta, chambo, ukubwa wa ndoana au jicho la wavu, kama ilikuwa bamvua au maji mafu, upepo wa kusi au kaskazi, na samaki wengine waliotoka kwenye kamba hiyo hiyo. Uliza kama amewahi kumwona papa huyu, lini, na wanamwitaje. Mwombe ruhusa ya kuandika jina lake. Akikataa, andika jina la diko peke yake.

Sasa malipo. Lipa bei ya mnada ya siku hiyo, taslimu, bila kuzidisha. Najua moyo unavyosukuma kumpa mzee elfu kumi ya ziada, hasa ukijua thamani ya kile ulichokishika. Lakini habari ya donge nono inafika Sudi kabla ya jioni, na wiki ijayo vijana watakuwa wanashusha zulumati kilindini kwa ajili yako. Shukrani itoe kwa njia nyingine: picha iliyosafishwa, barafu ya safari ijayo, na majibu.

Hatua ya nne: lebo, kisha picha

Funga lebo kabla ya chochote kingine. Karatasi nene, penseli, namba moja ambayo itafuata kila kipande cha papa huyo, tarehe, mahali, kina, chombo cha kuvulia, jina la mkusanyaji. Ifunge kwa uzi upite kwenye pasuo la matamvua utokee mdomoni.

Penseli, tafadhali. Miaka ya mwanzo niliandika lebo kwa kalamu ya wino wa kawaida, mwandiko mzuri kabisa. Wiki mbili ndani ya fomalini zikaufuta wote. Nilifungua pipa nikakuta papa wawili wa miiba, macho yao bado makubwa, na karatasi mbili nyeupe. Mmoja alitoka Sudi na mwingine Msimbati, na hadi leo hakuna anayeweza kusema yupi ni yupi. Wavuvi wawili walikuwa wamenipa papa wao na maneno yao, nami nikayapoteza.

Kwa picha, tandaza turubai kivulini. Mlaze kwa ubavu wa kulia ili wa kushoto uwe juu, kichwa kielekee kushoto kwako. Weka rula na kipande chenye namba. Simama wima juu yake, simu isiinamishwe, maana picha ya mshazari hurefusha kichwa na kufupisha mkia. Piga mwili mzima ubavuni, mgongoni na tumboni. Kisha sogea: kichwa kwa chini pua na mdomo vikionekana, meno ya juu na ya chini mdomo ukiwa umefunguliwa kwa kijiti, jicho, mapasuo, kila pezi, kila mwiba, mkia. Rangi yake ipige mapema. Weusi wa zambarau alionao asubuhi utakuwa kijivu jioni, na ndani ya spiriti utakuwa kahawia.

Hatua ya tano: vipimo

Pima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Usipitishe futi kamba juu ya tumbo, itaongeza. Pima tena kutoka pua hadi mkia unapoanzia, hadi pezi la kwanza la mgongoni, hadi la pili, na hadi mdomoni. Mpime uzito kabla hajapasuliwa.

Jinsia iko wazi: dume ana viungo viwili kama vidole nyuma ya mapezi ya tumboni. Vikiwa vigumu kama fimbo, amekomaa. Vikiwa laini vya kupindika, bado kijana.

Hatua ya sita: nyama ya vinasaba

Hii lazima itangulie fomalini, kwa sababu fomalini huviharibu vinasaba na kuvifanya visisomeke. Vaa glovu, tumia wembe mpya. Ubavu wa kulia, chini ya pezi la mgongoni, inua ngozi ukate nyama ya ndani, kipande kama punje ya hindi. Chukua viwili au vitatu, kila kimoja kwenye chupa yake, ethanoli iwe mara 10 ya nyama. Kesho yake mwaga ethanoli hiyo, utie mpya, maana ya kwanza imezimuliwa na maji ya nyama. Lebo ya penseli iingie ndani ya chupa, na namba iwe ile ile.

Usipopata ethanoli, zika kipande katika chumvi kavu. Babu zetu walihifadhi ng'onda kwa chumvi, na vinasaba navyo huhifadhika humo vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ile spiriti ya buluu ya mafundi iwe ya dharura tu.

Hatua ya saba: fomalini

Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo papa huokoka au hupotea, na ndipo mtu anapoweza kuumia.

Mwaka 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alimkuta silikanti kati ya samaki wa meli ya uvuvi. Hakumjua, lakini alijua si wa kawaida. Alimpeleka mochwari wakamkatalia, akaenda kwenye ghala la baridi wakamkatalia. Fomalini aliyoipata ilikuwa kidogo mno, akamviringisha kwa vitambaa vilivyoloweshwa humo. Haikufika ndani. Viungo vya ndani vilioza vikatupwa, ikabaki ngozi iliyojazwa. Dunia ilingoja hadi 1952, miaka 14, ndipo silikanti wa pili alipopatikana Komoro. Yule mama alifanya kila kilichowezekana. Kilichokosekana kilikuwa dawa ya kutosha na sindano.

Kwa hiyo, kwanza: fomalini husababisha saratani, hupofusha ikiruka jichoni, na mvuke wake huchoma mapafu. Fanya kazi hii nje, upepo ukitokea mgongoni kwako, na glovu nene, miwani na mikono mirefu. Ifanye mbali na diko. Wateja wakikuona unamwaga dawa kwenye samaki pembeni ya mnada, kesho hakuna atakayenunua samaki wa diko hilo, na watakuwa na haki. Mwambie mwenyekiti wa mtaa unachokifanya. Ndoo iliyotiwa fomalini isirudi jikoni milele. Ichore alama nyekundu au iandike SUMU.

Fomalini ya dukani ina nguvu ya asilimia 37 hadi 40. Changanya sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji ya bahari: lita 2 kwa lita 18 zinajaza ndoo ya lita 20. Ongeza boraksi au magadi kidogo kupunguza tindikali.

Kisha ifikishe ndani. Kwa bomba la sindano, choma tumboni, kwenye nyama nene za mgongo, chini ya mapezi na nyuma ya kichwa, hadi uone mwili unakaza. Papa akizidi urefu wa mkono, mpasue kidogo tumboni upande wa kulia ili dawa iingie kwenye ini na utumbo. Kila mkato uwe upande wa kulia. Wa kushoto unaachwa mzima kwa ajili ya picha na kulinganisha. Mlaze amenyooka kwenye beseni refu au pipa lililolazwa, dawa imfunike kabisa. Mapezi yatandaze siku ya kwanza, kwa sababu yatakavyokaa ndivyo yatakavyogandia.

Mdogo wa urefu wa kiganja na nusu anatosheka kwa wiki moja. Wa mita moja mpe wiki mbili au zaidi. Akiisha kukaza hadi ndani, mloweke kwenye maji safi siku kadhaa huku ukiyabadilisha, kisha mhamishe kwenye ethanoli ya asilimia 70, ambamo ataishi miaka na miaka. Maji ya kwanza ya kumlowekea na fomalini iliyotumika visimwagwe baharini wala kwenye mtaro. Vitie kwenye dumu lililofungwa, vipelekwe maabara.

Ukiona huna vifaa vya kufanya haya kwa usalama, usijaribu. Mgandishe mzima kwenye friji la kugandishia, amelala juu ya ubao, ndani ya mifuko miwili iliyotolewa hewa, lebo moja ndani na nyingine nje. Papa aliyeganda vizuri anaweza kungoja wenye vifaa. Kinachomuua ni kuyeyuka na kuganda tena umeme unapokatika, kwa hiyo jaza chupa za maji yaliyoganda pembeni yake.

Akiwa jike na tumbo lina watoto au mayai, wote wakae na mama yao, namba moja. Andika wangapi walikuwa kulia na wangapi kushoto. Mfuko wa yai uliokauka, wenye nyuzi kwenye pembe zake, nao ni sampuli.

Papa asiyeingia kwenye pipa

Papa wa matamvua 6, Hexanchus griseus, hupita mita 4. Yule papa wa mdomo mpana, Megachasma, aliyejulikana mara ya kwanza Hawaii mwaka 1976 baada ya kunasa kwenye nanga ya parachuti ya meli ya jeshi, alikuwa na mita 4 na nusu hivi na kilo 750. Ukipata kitu cha namna hiyo Lindi, huwezi kumhifadhi mzima. Mkague kwa utaratibu: picha na vipimo vyote kwanza, kisha vinasaba, kisha kichwa kizima. Kichwa kikikushinda, chukua taya zikiwa na meno. Ongeza mapezi ya mgongoni pamoja na miiba yake, pingili kumi hivi za uti wa mgongo kutoka chini ya pezi la kwanza, kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiganja, viungo vya kiume, na tumbo la chakula likiwa limefungwa kwa uzi pande zote mbili. Pingili na miiba husaidia kusoma umri. Nyama iliyobaki ni ya mwenye mali, nawe ukiwa umemlipia chote, zungumza na BMU mapema itakwenda wapi.

Kusafirisha na kukabidhi

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Usipande basi na ndoo ya fomalini. Papa aliyekwisha kukazwa husafiri bila maji: mviringishe kwa kitambaa kilicholoweshwa ethanoli kidogo, mifuko mitatu ya nailoni, kisha sanduku gumu. Mwambie wakala wa basi kilichomo. Chupa za vinasaba zisafiri peke yake, ili sanduku moja likipotea lingine lifike.

TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, yenye makao yake Dar es Salaam, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, ndizo mahali pa kwanza pa kuuliza. Kwa walio jirani, kampasi ya FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, pale Mikindani ina walimu wanaoweza kukusaidia kumtambua. Papa akitoka kwenye meli ya bahari kuu, mhusika ni Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu. Kabidhi kwa maandishi: namba ya sampuli, orodha ya vipande, nakala ya maelezo ya nahodha, sahihi mbili. Baki na nakala yako.

Omba namba ambayo taasisi itampa papa huyo kwenye daftari lake, na uifuatilie hadi uipate. Kisha rudi dikoni. Nilipomrudia yule nahodha wa pima 140, nilikuwa na picha iliyochapishwa, namba ya sampuli, na jina la jamii, ingawa la aina lilikuwa bado halijathibitishwa. Aliitazama picha muda mrefu, akanirudishia nimwandikie nyuma yake zile alama zake mbili, mnara na paa jekundu, ili mwanawe azijue.